Kiti cha Kuinukia

Siku makochi mapya yaliposhushwa kutoka kwenye Fuso, nusu ya wanawake wa mtaa ule wa Somanda, mjini Bariadi, walikuwa mlangoni kwa Kwandu, na nusu nyingine walikuwa njiani wanakuja. Yalitoka Mwanza. Yalikuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva, kitambaa chake laini kama ngozi ya ndama, ukingo wa dhahabu, na mito minene kiasi kwamba mtu akikaa, magoti yanapanda kumtazama usoni.

Martha, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekaa wa kwanza. Alijitupa, akazama, akapiga kelele.

"We Kwandu! Humu mtu akizama anatafutwa na wazamiaji! Nishikeni mkono jamani, nimeacha maharage jikoni."

Wakacheka wote. Wawili wakamvuta, akatoka akijirekebisha khanga. Kwandu naye alicheka, akawahudumia soda, akawaomba wasiitoboe mifuko ya nailoni iliyofunika viti, maana alitaka ikae mpaka Krismasi. Jioni ile ile aliwagawia watu viti vyake vya zamani vya plastiki. Sebule ikabaki ya zambarau tupu.

Kwandu hakuwa mwanamke wa kupenda mambo ya ovyo. Alizaliwa Binza, mjini Maswa, mtoto wa mkulima wa pamba. Alijifunza kushona kwa masista, akaolewa na Joakim Luhende, dereva wa malori, na kwa miaka mingi cherehani yake, chini ya upenu wa duka dogo la Somanda, ilisaidia kuwasomesha mabinti zao wawili ambao sasa walikuwa shule ya bweni. Wateja walimheshimu, na kwa kiasi fulani walimwogopa. Hakukata kitambaa cha mtu bila kumpima. Ukimwambia, "Mama, we angalia tu, nina mwili kama wa dada yangu," alikujibu, "Basi aje dada yako avae." Msichana akitaka gauni la kubana mpaka asiweze kupanda bodaboda, Kwandu aliondoa shingoni futi yake ya kupimia, akaikunja, akamwambia akashonewe kwingine. Alikuwa akisema nguo ni ya mwili wa mwenye nguo, si ya macho ya wapita njia.

Mwanamke huyo huyo aliyatazama makochi kwenye picha ya simu, akayapenda, akayaagiza. Hakuyakalia. Hakuuliza nani atainuka humo kila siku na kwa miguu ipi. Sebule zetu nyingi za mjini zimejazwa kwa njia hii. Mwenye nyumba ananunua kiti kwa ajili ya mgeni atakayekuja mara moja kwa mwaka, yeye mwenyewe anakaa jikoni kwenye kigoda, na hatuoni kwamba kuna kosa. Kosa lipo. Lake Kwandu lilichelewa tu kujitokeza.

Lilijitokeza baba mkwe alipohamia.

Mzee Luhende alikuwa mtu wa Malampaka. Ujanani alifanya kazi katika genge la reli, akibeba mataruma begani na kukaza vyuma kwenye jua, na alipostaafu akabaki jirani na stesheni, akalima pamba na kufuga ng'ombe wachache. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Mwaka huo huo wa makochi, kabla ya mavuno, aliteleza penye birika la kunyweshea ng'ombe akavunjika nyonga. Alitibiwa, akaanza kutembea kwa fimbo, lakini daktari akasema asikae mbali na hospitali mpaka mguu utulie. Joakim akamleta Bariadi.

"Baba, karibu. Kaa hapa, hiki ndicho kikubwa," Kwandu alisema siku ile, amepiga goti, mkono umenyooka kuelekea kochi refu.

Mzee alilitazama. "Mayu, hiki ni kiti au kitanda?"

"Ni kiti, baba."

"Haya. Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, akakaa, na kochi likammeza.

Mwanzoni halikuwa tatizo, kwa sababu Joakim alikuwepo. Asubuhi na jioni alisimama mbele ya baba yake, akaishika mikono yake miwili, akatangaza, "Treni ya Mwanza inaondoka!" Mzee akajibu, "Vuta polepole, dereva, behewa lina mzigo." Akainuliwa, wakacheka. Kisha ununuzi wa pamba ukaanza. Malori yakaitwa vijijini kusomba pamba ya wakulima, na Joakim akawa analala kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, leo huku, kesho kule. Nyumbani wakabaki wawili, mzee na mkamwana.

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Kwa Wasukuma, baba mkwe na mkamwana wana mpaka kati yao, na mpaka huo si wa chuki bali wa heshima. Mkamwana humsalimia kwa goti, humwekea chakula, humfulia. Hamgusi. Haingii chumbani mwake mwenyewe akiwemo. Mzee naye humwita mayu, yaani mama, akimtazama kwa pembeni. Wapo vijana wanaosema hayo yamepitwa na wakati. Mzee Luhende na Kwandu hawakuwa miongoni mwao. Ndani ya mpaka huo walikuwa wameishi kwa amani tangu Kwandu alipokuwa bibi harusi.

Wiki ya kwanza ya upweke wao, mzee alianza kukataa chai.

"Mwangaluka, baba. Chai hii hapa."

"Mwangaluka, mayu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, baba, na hujala tangu jana?"

"Mwili wa mzee hauna njaa. Nenda kazini, utachelewa."

Uji alikataa. Maziwa, ambayo alikuwa akiyapenda kuliko kitu chochote, alionja kwa heshima akarudisha kikombe kimejaa. Kwandu aliumia. Alimwendea Martha, akakaa jikoni kwake huku amejishika shavu.

"Ananiona mchafu," alisema. "Hataki kitu kilichotoka mkononi mwangu."

"Acha maneno. Labda unatia majani mengi."

"Natia yale yale ya siku zote."

"Basi labda anakumbuka ng'ombe wake. Wanaume wa kule kwenu wanawapenda ng'ombe kuliko sisi," Martha alisema, akimchokoza ili acheke. Kwandu hakucheka.

Ukweli aliujua mchana mmoja, aliporudi nyumbani kuchukua uzi aliousahau. Alibisha hodi sebuleni kama kawaida yake. Hakujibiwa. Akaingia.

Mzee Luhende alikuwa kwenye lile kochi refu, ameteleza upande, kiwiliwili kiko juu ya mto na miguu imenyooka sakafuni. Jasho lilikuwa linamtoka. Fimbo yake, ambayo siku nyingine ilimsaidia kuinuka kwa taabu, ilikuwa imeteleza juu ya marumaru mpaka chini ya meza, mahali ambapo mkono wake haukufika. Alikuwa amejaribu kuinuka, na kila alipoukandamiza mto ili ajisukume, mto uliingia ndani pamoja na mkono wake. Suruali yake ilikuwa imelowa. Kwenye nailoni ya kochi, ile iliyohifadhiwa mpaka Krismasi, maji yalikuwa yametuama.

Kwandu alipiga hatua moja mbele, mikono imeshatangulia.

"Usiniguse, mayu."

Akasimama.

"Toka nje," mzee alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. "Niitie mwanamume."

Kwandu alitoka mbio bila viatu. Aliyempata ni Anatoli, mume wa Martha, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa uani kwake anatengeneza banda la kuku. Hakumweleza mengi. Anatoli aliacha nyundo chini, akaingia, akafunga mlango. Kwandu alibaki nje chini ya dirisha akisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na sauti ya chini ya wanaume wawili wakizungumza Kisukuma juu ya mvua, ng'ombe na bei za mahindi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Anatoli alipotoka, alisimama karibu na Kwandu akitazama barabarani.

"Amelala," alisema. "Mimi sijaona kitu, na Martha hataambiwa kitu."

"Ahsante, shemeji."

"Chai, Kwandu. Alikuwa anakataa chai ili asihitaji kuinuka wewe ukiwa peke yako. Usimlaumu."



Jioni mzee alimpigia Joakim simu. Alisema maneno machache tu: mguu umepona, anataka kurudi Malampaka, aje amchukue Jumamosi. Joakim aliomba kuzungumza na mkewe, na Kwandu akaipeleka simu uani.

"Umemfanya nini baba?"

"Sijamfanya kitu."

"Mtu haamki tu akataka kwenda kukaa peke yake kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumpikia. Daktari amesema nini? Akianguka tena kule ataokotwa na nani, mbwa? Niambie, mmegombana?"

Angeweza kusema. Neno moja lingemwondolea lawama yote. Lakini neno hilo lilikuwa aibu ya mzee, na mwenye kuambiwa ni mtoto aliyemzaa. Kwandu aliona kwamba kama atajisafisha kwa aibu ile, mzee hatakuwa na mahali pa kuweka uso wake, Bariadi wala Malampaka.

"Hatujagombana," alisema. "Njoo Jumamosi, utamsikia mwenyewe."

"Nitasikia, na wewe utaniambia," Joakim akasema, akakata simu.

Tangu siku ile mzee hakukaa tena sebuleni. Anatoli alimletea kiti kimoja cha plastiki. Mzee alipokishika mikono ili ajiinue, miguu ya kiti ikatanuka na kuteleza kwenye marumaru, na ikabidi Anatoli amdake. Kikarudishwa. Basi mzee akawa anasimama. Alisimama dirishani ameegemea fimbo, akichoka anarudi kitandani, kisha anasimama tena. Mtu aliyejenga reli kwa mabega yake, kwenye nyumba ya mwanawe, iliyojaa viti, alikosa pa kukaa. Kwandu alipokuwa akipita sebuleni aliyaona makochi yamejipanga, mazuri, yanang'aa, na aliona haya kuyatazama.

Kesho yake baada ya simu ile, Kwandu alikuwa anampima mteja, bibi mmoja mnene, gauni la kipaimara cha mjukuu wake. Alizungusha futi kiunoni, akashika mabega, akamwambia, "Bibi, hebu keti nione kama litabana ukikaa." Bibi akakaa, akainuka. Kwandu akaishusha futi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa hampi mtu hata shimizi bila kumwambia akae na ainuke. Lakini aliingiza nyumbani kwake vitu vya kukalia bila kumwambia mtu yeyote akae na ainuke, na aliyekaa mbele ya macho yake, Martha, alivutwa na watu wawili huku yeye akicheka.

Alifunga cherehani mapema.

Kumpima baba mkwe lilikuwa jambo lisilowezekana. Lakini Kwandu alikumbuka kitu. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mzee alitoka mwenyewe kuzunguka uani kama daktari alivyoagiza. Alitoka mwenyewe. Maana yake kitandani aliinuka bila kuvutwa. Kitanda kile kilikuwa cha zamani, cha mninga, kirefu kwenda juu, na godoro lake gumu. Basi asubuhi mzee alipokuwa uani, Kwandu aliingia kufagia kile chumba kitupu. Alipiga goti, akanyoosha futi kutoka sakafuni mpaka ukingo wa godoro, akachomeka pini ya kushonea kwenye futi mahali ilipofika. Akatazama ukutani. Pembeni ya kitanda palikuwa na kabati dogo, na kwenye kona yake rangi ilikuwa imefifia kwa alama ya kiganja. Hapo ndipo mzee alipokuwa anashika akijisukuma juu. Akapima hapo pia, akachomeka pini ya pili.

Mafundi seremala wa Somanda wamepanga kazi zao kando ya barabara, vumbi juu ya vumbi. Kwandu aliingia kwa Paschal, fundi kijana mwenye maneno mengi, ambaye alimpokea kwa kumwonyesha makochi.

"Mama, hii ndiyo mpya mjini. Sponji tupu! Ukikaa unasahau shida zako."

Kwandu alikaa. Akajaribu kuinuka bila kutumia mikono, akashindwa. "Na ukitaka kuzikumbuka?" akauliza. "Utoke vipi?"

Vijana wa karakana wakacheka. Kwandu akahamia kwenye viti vya mbao. Alivikalia kimoja kimoja, akavitikisa, akavipindua miguu juu, akapitisha kidole kwenye maungio kama anavyopitisha kwenye mshono wa nguo. Kwenye kimoja kidole kilisimama.

"Hii ni nini?"

"Kovu la mbao tu, mama."

"Kovu gani linanuka gundi? Hapa pamepasuka, mmejazia unga wa randa. Mimi ni fundi mwenzio, Paschal, usinipige viraka mchana."

Paschal akajikuna kichwa. Kwandu akaitoa futi mfukoni, akamwonyesha pini mbili: kiti kiwe juu kiasi hiki, na mikono yake iishie hapa, ijitokeze mbele kidogo, iwe mipana ya kushikika. Egemeo lisimame, lisilale sana. Mbao mbichi hataki, maana ikikauka itajikunja na kulegea. Maungio ya misumari mitupu hataki, mbao iingie ndani ya mwenzake. Miguu iwe na upana usioyumba, na chini ipigiliwe vipande vya tairi ili isiteleze kwenye marumaru.

"Mama, kiti kirefu hivi ni cha nani? Cha hakimu?"

"Cha mtu mwenye miguu."

"Basi niweke hata ua moja hapa kwenye mkono, kipendeze."

"Ua litamchoma kiganja. Lainisha kwa msasa, basi."

Mninga mkavu aliokuwa nao Paschal ulikuwa umetengwa kwa mlango wa mtu. Kwandu alisimama pale, hakuondoka, mpaka fundi akampigia mwenye mlango na kuomba asubiri. Kila jioni alikuja kutazama. Mara moja alikuta mikono ya kiti imewekwa chini ya pini, kwa sababu Paschal aliona inapendeza zaidi ikiwa chini. Kwandu hakufoka. Alimwambia akae, aishike mikono hiyo ya kiti na ainuke kana kwamba nyonga moja haifanyi kazi. Paschal alijaribu, akaanguka kwenye maranda. Akaing'oa mikono ya kiti akaipandisha.

Mto aliushona Kwandu mwenyewe. Hakutia sponji. Alitia pamba, akaishindilia kwa mwiko wa ugali mpaka mto ukawa mgumu wa kumbeba mtu bila kumzamisha, akaufunika kwa kitambaa cha rangi ya udongo.

Jumamosi asubuhi kiti kililetwa kwa mkokoteni. Mzee alikuwa anazunguka uani, begi lake dogo limeshafungwa na kuwekwa mlangoni. Kwandu na Anatoli walilisukuma kochi refu mpaka chumba cha mabinti, wakaliegemeza ukutani kwa kulisimamisha. Mahali pake dirishani, panapoonyesha barabara, wakaweka kiti. Kilionekana kigeni mahali pale, kirefu na kikavu kati ya zambarau zile. Martha alichungulia.

"Kwandu, umeharibu seti! Hiki kiti kinafanana na nini?"

"Kinafanana na kiti," Kwandu alisema, akaenda kukaa jikoni. Hakumwambia mzee kitu. Kumwambia kungekuwa kumkumbusha.

Alisikia fimbo ikiingia sebuleni, ikasimama. Akasikia mbao ikipokea uzito, bila kulia. Kwandu akashika ukingo wa meza. Mbao ikapumua. Fimbo ikagonga sakafu hatua chache, ikarudi. Mzee alikuwa amekaa, akainuka, akakaa. Akafanya hivyo tena.

Joakim alifika muda huo huo, vumbi la vijijini limemgeuza rangi, uso umekunjamana kwa maneno aliyoyaandaa njiani. Alipita mlangoni akaliona begi, akaingia sebuleni akitafuta wa kumkemea. Kwandu alitoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Baba, gari lipo," Joakim alisema, kisha akaona. "Hiki nini? Kochi liko wapi? Kwandu, umefanya nini na..."

"Joakim." Mzee Luhende aliweka viganja viwili kwenye mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama wima mbele ya mwanawe bila kuvutwa na mtu. Alimtazama usoni. "Mkeo asiulizwe kitu. Leo wala siku nyingine."

"Lakini baba, ulisema..."

"Nilisema. Sasa toa begi langu mlangoni, watu watajikwaa."

Akageuka polepole, akarudi kukaa. Akaisimamisha fimbo kwenye mkono wa kiti, karibu, pale anapofika. Kwandu alikuwa ameshapiga goti, macho chini, kama siku zote.

"Mayu," mzee alisema, uso ukiwa dirishani. "Hiyo chai yako ipo?"

"Ipo, baba."

"Lete. Jaza kikombe."